Jumatatu na Jumanne Dar es Salaam, watoto wawili, bila gari: tuanzie wapi?

Nyakato_Mashariki ameuliza:

Wakuu salaam. Jumapili usiku tunashuka Dar, mwishoni mwa Juni shule zikiwa zimefungwa. Tuko wanne: mimi, mke wangu na watoto wa miaka 9 na 13. Jumatano asubuhi nina shughuli ya ofisi Posta, hivyo Jumatatu na Jumanne ni zetu kutwa nzima. Tutalala Sinza, karibu na Shekilango. Gari hatuna. Tumetenga 120,000 kwa nauli, chakula na viingilio vya siku zote mbili, malazi yana fungu lake.

Shida ni kwamba maelezo mengi ya kutembea Dar yanamfaa mtu wa wikiendi. Naomba kujua: makumbusho hufunguliwa Jumatatu? Soko la samaki Feri ni la saa ngapi? Watoto wanaweza kuogelea wapi bila sisi kukaa roho juu? Na hii treni ya SGR, tunaweza kwenda Morogoro Jumanne na kurudi siku hiyo hiyo kwa bajeti hii?

---

Mzee wa Gerezani:

Karibu mkuu. Nianze na SGR maana ndiyo jibu jepesi. Nauli iliyopitishwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, 2024 treni ilipoanza ni 13,000 Dar hadi Morogoro kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Wa miaka 13 anahesabiwa mtu mzima. Kwa hiyo ninyi ni 13,000 mara tatu, ongeza 6,500, jumla 45,500 kwenda tu. Kwenda na kurudi ni 91,000. Mtabaki na 29,000 ya kula siku mbili. Treni ni nzuri, lakini kwa bajeti hii iache. Kama watoto wanataka tu kuiona, mtaliona jengo la stesheni mkiwa mjini.

Makumbusho: ya Taifa pale Shaaban Robert na Kijiji cha Makumbusho njia ya Bagamoyo, yote mawili hufunguliwa kila siku, Jumatatu ikiwemo, saa 3:30 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwa hiyo usihangaike na lipi limefungwa. Dar ya mwanzo wa wiki inakutaka ujue magari yanaelekea wapi. Asubuhi, kuanzia saa 12 mpaka saa 3, jiji zima linaingia Posta na Kariakoo. Jioni, saa 10 hadi saa 2 usiku, linatoka. Ukienda na mkondo umesimama. Ukienda kinyume chake unapita.

Kwa mtu wa Shekilango kuna njia mbili za kuikwepa foleni ya Jumatatu. Ama uondoke saa 11:30 alfajiri ukafika mjini kabla ya watu, ama usubiri saa 3:30 ndipo uingie kituo cha mabasi ya mwendokasi. Katikati ya hapo usijaribu na watoto: mwendokasi yenyewe ina njia yake haikwami, ila mlangoni watu wanasukumana na basi mbili tatu zitawapita zikiwa zimejaa tangu Kimara.

Nauli hulipwa kituoni kabla ya kuingia, si ndani ya basi, na asubuhi foleni ya kulipa ndiyo inayokula muda kuliko safari. Panda linaloandikwa Kivukoni. La Gerezani linakata kona kituo cha Fire kwenda Kariakoo. Angalia pia kama ni ekspresi, maana hiyo inaruka vituo. Mkiwa mnashuka Kivukoni, ambacho ni cha mwisho, ekspresi haina madhara. Mkitaka kushuka Kisutu au Posta ya Zamani, muulizeni mhudumu kabla ya kupanda.

Mpango wangu: Jumatatu mjini, Jumanne mbaki upande wenu wa Sinza, Makumbusho na Mwenge, ambako hamuhitaji hata kugusa Morogoro Road.

Mjini tembeeni kwa miguu. Kutoka kituo cha Kivukoni fuateni ufukwe wa bandari kuelekea Posta ya Zamani: kanisa la Azania Front la Walutheri na baada yake kidogo Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yote yalijengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Karibu yake ni Boma la Kale, la matumbawe na chokaa, la wakati wa Sultani Majid, 1866 hadi 1867. Ndilo jengo kongwe zaidi mtakaloliona siku hiyo na ndilo watu wengi hupita bila kugeuza shingo. Ndani kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar chenye ramani na picha za jiji lilivyokua. Mtoto wa miaka 13 atakaa hapo nusu saa, wa 9 dakika kumi.

Kisha pandeni hadi Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Imesimama tangu 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwonyeshe mkubwa maandishi ya chini: Kiswahili kipo kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu. Hapo geukeni kulia mshike Samora moja kwa moja, mkifika mwisho mna Bustani ya Mimea mbele yenu, Ukumbi wa Karimjee ambamo Bunge lilikuwa likikaa, na Makumbusho ya Taifa. Saa mbili ndani zinatosha: fuvu la Zinjanthropus la Olduvai la 1959, magari ya viongozi (hapo ndipo watoto hukwama), na bustani ya kumbukumbu ya waliouawa kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani 1998. Beba kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa sababu bei ya Mtanzania na ya mgeni hazikaribiani, na weka salio kwenye simu, sehemu za serikali hupendelea ulipe kwa namba ya malipo kuliko kushika noti.

Kurudi: kabla ya saa 9 alasiri, au baada ya saa 2 usiku. Mkikuta saa 11 jioni mko Posta, bora mkae Bustani ya Mimea mle karanga kuliko kugombania mlango wa basi. Mkipanda kituo cha Kivukoni penyewe, ndipo basi linapoanzia, mtapata viti.

---

Mnada wa Alfajiri:

Niongeze la Feri, kwa sababu hapo wageni wengi hufika saa 4 wakakuta maji ya kusafishia sakafu wakasema soko halina kitu.

Mnada una nguvu kuanzia mapambazuko, saa 12 na dakika kadhaa, na hupungua taratibu hadi kama saa 3. Kwa hiyo ule uamuzi wa kuondoka Shekilango saa 11:30 unaingia vizuri. Kutoka kituo cha Kivukoni hadi sokoni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Mnadani samaki huuzwa kwa fungu au kwa ndoo, sio mmoja mmoja, na dalali anaenda haraka. Ukiinua mkono kwa bahati mbaya utaulizwa pesa. Kama mnataka samaki wawili watatu wa kula, simameni nyuma muangalie tu, halafu nunueni kwa wachuuzi wa mezani ambao wametoka kununua hapo hapo. Bei itakuwa juu kidogo ya mnada, lakini utachagua.

Kuchagua: jicho liwe limejaa na linang'aa, si lililozama na kuwa na ukungu. Fungua shavu uone matamvua, yawe mekundu, yakielekea kahawia huyo amelala. Bonyeza ubavu kwa kidole, nyama irudi. Tumbo lililolegea au kupasuka ni la samaki aliyechelewa kwenye barafu. Kwa watoto chukua changu au kolekole, miiba yake ni mikubwa na inaonekana. Vibua ni vitamu na rahisi mfukoni, ila vina miiba midogo, mtoto wa miaka 9 asaidiwe.

Kutoka mezani samaki anapita mikono miwili zaidi: mparuaji anayeondoa magamba na matumbo, kisha mkaangaji. Kila mmoja ana malipo yake. Patana na wote wawili kabla samaki hajatoka mkononi mwako, na utaje yote kwa pamoja: kuparua, mafuta, ndimu, pilipili, na ugali au chipsi. Asiyetaja mapema hukuta chumvi imekuwa na bei. Mfuate samaki wako kwa macho mpaka karaini. Si kwamba wote ni wezi, ni kwamba makaraini ni mengi na samaki wanafanana.

Jambo moja linalowachanganya watu: kama ni siku za mbalamwezi, dagaa watakuwa wachache sana. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu ya kuwakusanya, hivyo boti nyingi hupumzika. Samaki wa mshipi na wa nyavu wapo kama kawaida.

Vaeni viatu vya kufunika vidole vyenye soli isiyoteleza. Sakafu ina maji, magamba na watu wenye mikokoteni ambao hawana breki wala subira. Na samaki mbichi msinunue wa kubeba: mna saa nane za kutembea mbele yenu, na makumbusho hayana jokofu la wageni.

---

Kipepeo_Mweupe:

Dokezo fupi kwa usalama: kuanzia Feri kuelekea Ocean Road mko jirani na Ikulu. Simu isielekezwe huko, hata kama unapiga picha ya mtoto na bahari nyuma yake. Vivyo hivyo kwa pantoni, bandari na askari. Sokoni, muombe mtu kabla ya kumpiga picha. Wengi hukubali, wengine hukasirika kweli kweli. Waelezeni watoto kabla ya kushuka kwenye basi, si mkiwa tayari mmeshasimamishwa.

---

Bamvua:

Kwa upande wa bahari, mkuu, msipange siku kwanza. Muangalieni mwezi Jumapili usiku mkishuka, ndio mpange.

Dar bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na tofauti wakati wa bamvua inazidi mita tatu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa haupo kabisa, ni majira ya bamvua: maji hupwa sana karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hujaa katikati ya asubuhi, saa 4 au 5, na kupwa jioni, na tofauti si kubwa. Kati ya hizo, ongeza kama dakika 50 kila siku inayopita. Hesabu hii haihitaji programu yoyote kwenye simu, ingawa majedwali yapo kwa anayetaka dakika kamili.

Maana yake kwenu ni hii. Mkikuta mwezi nusu, Jumatatu asubuhi ni ya bahari na mji unafuata siku ya pili. Mkikuta mpevu au giza tupu, asubuhi iwe ya makumbusho, bahari iwe kuanzia saa 8 mchana. Ukiwapeleka watoto ufukweni saa 4 asubuhi wakati wa bamvua, watatembea mbali kwenye matope, mawe na majani ya bahari kufuata maji yanayowafika magotini, halafu utaambiwa Dar haina bahari.

Wapi sasa. Mimi ningewapeleka Kigamboni, na hasa siku ya kazi. Watu wa Kigamboni asubuhi wanavuka kuja mjini. Ninyi mnavuka kwenda kwao, pantoni inarudi ikiwa nusu tupu. Nauli ya mtembea kwa miguu ni 200. Mkiwa na N-Card, ile kadi ya kulipia nauli, yenye salio mtaokoa foleni. Mlangoni subirini magari yashuke yote kwanza, mshike watoto mikono, na mkiwa ndani kaeni pembeni au juu, si katikati ya magari. Safari yenyewe ni dakika chache, kusubiri ndiko kunaweza kufika nusu saa. Ng'ambo kuna bajaji na daladala. Mikadi ni karibu kabisa na kivuko, Mjimwema iko mbele zaidi, kama kilomita nane, na ina mchanga mpana na msongamano mdogo. Sehemu nyingi za ufukweni zina kiingilio. Uliza mlangoni kama kinakatwa kwenye chakula, na kama unaruhusiwa kuingia na chakula chako, maana hapo ndipo bajeti hupasukia.

Coco Beach, ambayo kila mtu atakutajia, si ya kuogelesha watoto. Ni mawe ya matumbawe yenye mashimo, mkondo una nguvu maji yanapotoka, na kuna wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi ambayo ikikatikia mguuni safari imeisha. Ni mahali pa kwenda saa 10 jioni, kula mihogo ya kukaanga na mishikaki, kutazama bahari na kurudi. Jumapili ni vurugu; Jumatatu na Jumanne unapata kiti na muuza mihogo ana muda wa kukaanga vizuri badala ya kukupa ya moto nje, mbichi ndani.

Bongoyo na Mbudya ni visiwa vya hifadhi ya bahari tangu 1975 na maji yake ni safi kuliko kote. Boti ya Bongoyo huondokea Slipway, Msasani, kama nusu saa. Ya Mbudya huondokea Kunduchi na ni fupi zaidi. Siku za kazi tatizo ni abiria: boti husubiri watu watimie, au unaambiwa ulipie nafasi zilizobaki. Nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi ni vitu viwili, kwa hiyo ukitajiwa bei uliza ni ya vyote au ya kimoja. Na Juni ni majira ya kusi. Asubuhi bahari hutulia kiasi, alasiri upepo unaamka na kurudi kunakuwa na mawimbi ya kurusha maji ndani. Anayetapika kwenye daladala asipelekwe. Kwa bajeti yenu na msimu huu, Kigamboni inatosha.

---

Uhuru na Msimbazi:

Nashangaa hakuna aliyetaja Kariakoo. Mtu wa mkoani aje Dar mwanzo wa wiki asifike Kariakoo? Jumapili maduka mengi hufungwa au hufungua nusu. Jumatatu ndipo mzigo unafunguliwa. Kanga na vitenge ni Uhuru, nguo za tayari ni Kongo, vipuri na vyuma ni Gerezani. Bei ya jumla haihitaji katoni siku hizi, maduka mengi huanza kuihesabu kwa pisi tatu au sita, uliza tu "jumla inaanzia ngapi".

Kama mama ananunua kanga, afungue doti yote, asitazame juu ya rundo. Aangalie kama pindo la kulia na la kushoto linalingana upana, kama jina halijakatwa, na kama rangi imepenya upande wa pili. Aloweshe ncha kwa kidole chenye maji na kusugua kwenye karatasi nyeupe: rangi ikihama nyingi, hiyo itapaka nguo nyingine zote. Ugumu wa kanga mpya ni wanga tu, asidanganywe na mtu kuwa ndio uzito.

Na daini risiti ya mashine kwa kitu chochote cha umeme. Bila risiti hakuna wa kumrudia.

---

Mzee wa Gerezani:

Uhuru na Msimbazi, sijaisahau, nimeiacha kwa makusudi. Jumatatu asubuhi ndipo wafanyabiashara wa mikoani wanapokusanya mzigo: mikokoteni, makuli, Fuso zinarudi nyuma kwenye mitaa iliyojaa meza za machinga. Mtoto wa miaka 9 katikati ya Kongo saa 5 asubuhi haoni kitu zaidi ya viuno vya watu. Mwenye shida ya kununua aende mtu mzima mmoja, Jumanne, saa 3 maduka yanapofunguka, simu iwe mfuko wa mbele, na atoke kabla ya saa 6. Soko lenyewe, lile jengo la mapaa kama miavuli alilobuni Beda Amuli miaka ya 1970 na ambalo liliungua Julai 2021, unaweza kulitazama ukiwa upande wa pili wa barabara bila kuingia msongamanoni.

---

Nyakato_Mashariki:

Shukrani sana wakuu. SGR nimeifuta. Nimeelewa suala la mwezi, na mke wangu atakwenda Uhuru Street peke yake Jumanne saa 3, mimi nibaki na watoto. Sasa: nikiwa nao wawili asubuhi ya Jumanne, Kijiji cha Makumbusho kina nini cha kuwashika? Nilisikia kuna ngoma. Na mkubwa anachora, anataka kuona michoro ya Tingatinga inavyotengenezwa. Pia nataka kinyago kimoja cha mpingo cha kupeleka zawadi, naogopa kuuziwa mti wa kawaida.

---

Fundi Tupa:

Ngoma ni za wikiendi, alasiri. Jumanne asubuhi hutazikuta isipokuwa kikundi kimeziagiza. Utakachopata ni nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na utulivu wa kuziingia bila kusukumana. Wape watoto kazi: kwenye kila nyumba watafute moshi unatokea wapi, mifugo hulala wapi, na paa limefungwa na nini. Msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo ni mbingu na ardhi kwa maswali hayo matatu, moja nyasi zinashuka hadi chini, jingine paa ni udongo mtupu na bapa. Bila maswali watazunguka dakika ishirini wakaanza kuulizia soda. Kutoka Sinza bajaji itawafikisha. Mwambie dereva kijiji chenyewe, vinginevyo atawapeleka stendi ya daladala yenye jina hilo hilo.

Vinyago: kutoka hapo endeni Mwenge, kwenye vibanda vya wachongaji. Mabanda ya mbele ni ya kuuza, ya nyuma ndipo wanapochonga, na huko nyuma ndipo utajifunza kitu. Muulize mchongaji akuonyeshe gogo lililokatwa: mpingo una sehemu mbili, ganda jembamba la rangi ya majani makavu nje na moyo mweusi au wa zambarau-kahawia ndani. Wachongaji wengi huacha kipande cha ganda hilo chini ya kinyago au mgongoni. Kukiona ni dalili nzuri.

Vipimo vingine. Kwanza uzito: mpingo huzama ndani ya maji, na kinyago cha urefu wa shibiri kinapaswa kukushangaza ukikinyanyua. Pili, chukua kitambaa cheupe chenye maji kidogo usugue sehemu ya chini, si usoni. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu utatoa weusi. Mpingo unaweza kutoa mng'aro wa nta lakini si wino. Tatu, tazama ndani ya mikunjo midogo ambako brashi haifiki vizuri, kwapani au kati ya vidole. Rangi ikiishia hapo umeshajua.

Hata mpingo wa kweli una kasoro yake, na hii wauzaji hawakuambii: ukichongwa ungali mbichi hupasuka baadaye, hasa ukipelekwa mahali pakavu au ukiwekwa juani. Kagua kichwani na kitakoni, ambako nyuzi za mti zimekatwa. Ufa mwembamba uliozibwa kwa nta na vumbi la mti huhisiwa kwa ukucha. Kinyago kizito mno na chenye ubaridi mkononi kuliko vya jirani huenda bado kina maji. Kwa zawadi chukua kidogo kilichokaa kibandani muda mrefu, chenye vumbi. Ukifika nyumbani kizungushie gazeti wiki mbili tatu kikauke polepole, halafu paka mafuta kidogo.

Kwa mtindo, ujamaa ni ule wa watu waliopandana, shetani ni ule wa maumbo ya kutisha, mawingu ni ule wa mikunjo isiyo na sura kamili. Ujamaa wenye watu wengi unachukua muda mrefu, ndiyo maana bei yake haiko karibu na ya twiga. Na twiga, kwa taarifa, mara nyingi si mpingo kabisa.

---

Rangi ya Baiskeli:

Tingatinga iko Oysterbay, Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie. Kutoka Mwenge ni bajaji moja kwa moja, mpatane kabla ya kupanda. Nendeni kati ya saa 4 na saa 9: wachoraji wanakuwa nje barazani na mtoto anaweza kusimama nyuma ya bega la mtu akatazama. Hakuna kiingilio. Heshima ni kuuliza kwanza na kutogusa kitu chochote kilicholala chini, kwa sababu kinaweza kuwa kibichi.

Mwambie mkubwa atazame mpangilio wa kazi. Kwanza rangi ya chini inapakwa eneo zima, mara nyingi mbili zikiyeyushwa moja ndani ya nyingine, na inaachwa ikauke. Ndipo mnyama anachorwa kwa rangi moja bapa, tena inakauka. Madoa, macho na manyoya huja mwisho kwa brashi nyembamba. Ni rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ile ya milango. Edward Saidi Tingatinga alipoanza 1968 alitumia ya baiskeli juu ya ubao wa dari. Ndiyo sababu mchoraji mmoja huwa na picha sita mbele yake: anazungusha, moja ikikauka anashika nyingine.

Ukinunua ya kitambaa, bonyeza kidole penye rangi nzito. Kikinasa, usiikubali kuviringishwa siku hiyo, utaikuta imegandana. Iliyokauka iviringishwe rangi ikiwa upande wa nje, karatasi katikati, ndani ya bomba la plastiki. Ikiviringishwa rangi ikiwa ndani hujikusanya na kupasuka mistari. Kamwe isibonyezwe mikunjo kama shati. Vibao vidogo vya mraba ni rahisi na havina shida hizi, ila ni vizito mkibeba vingi.

Mkimaliza hapo ni karibu saa 9, Coco Beach iko jirani, bajaji ya dakika tano au miguu kama watoto bado wana nguvu.

---

Bamvua:

Kama Jumanne mtaishia Coco na maji yakawa yanajaa jioni, kaeni juu kwenye ukuta, msishuke kwenye mawe. Maji yakipanda hufunga njia ya kurudi kati ya mwamba na mwamba kabla hujaona.

Na kurudi Sinza kutoka Oysterbay msitoke saa 11. Ama saa 10 kamili, ama muache giza liingie mle mihogo vizuri mtoke saa 2. Kati ya hapo Ali Hassan Mwinyi inasimama, na bajaji ya kupatana itawaongezea bei njiani.

---

Nyakato_Mashariki:

Imekaa sawa. Swali la mwisho: pantoni ikisimama kwa hitilafu tukiwa ng'ambo, tunarudije?

---

Bamvua:

Daladala za Kigamboni zinazopita Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa Aprili 2016, zinatokea upande wa Kurasini. Kutoka hapo tafuteni gari la Kariakoo, halafu mwendokasi ya Gerezani kwenda Kimara, mshuke Shekilango. Ni mzunguko mrefu, tengeni saa mbili na 10,000 ya akiba ambayo hamuigusi kwa kingine. Dalili ya hitilafu mtaiona mapema: mkifika kivukoni mkakuta foleni ya magari imerudi nyuma barabarani na pantoni moja tu ndiyo inayofanya kazi, msiingie kwenye foleni ya kusubiri, geukeni hapo hapo.